Tumesogeza Huduma Karibu

Jumatatu ya kwanza baada ya uzinduzi, nesi wa Chumba cha Kumi na Nne alitoka jikoni na birika la chai, akashika korido kuelekea chumbani kwake, na alipofika chai ilikuwa imepoa. Hakulitia maanani. Jumanne alivaa raba, akahesabu. Ijumaa iliyopita, siku ya kukata utepe, kutoka mapokezi hadi mlango wa chumba kile zilikuwa hatua ishirini. Alizihesabu mwenyewe, maana ndizo zilizotajwa kwenye hotuba ya Mkurugenzi. Sasa zilikuwa arobaini na tatu.

Akamwita fundi wa hospitali. Fundi alikuja na futi kamba, akapima kuta, akapima dari, akagonga sakafu kwa kisigino, kisha akaikunja futi yake.

"Kuta hazina kosa, dada. Na ukipima kwa nje, jengo ni lilelile. Ni korido tu ndiyo imerefuka."

"Itarefuka tena?"

"Hilo mimi sijui. Ninachoweza ni kukuongezea taa."

Akamwongezea taa mbili.

Chumba chenyewe kilikuwa kizuri, asikwambie mtu. Kilikuwa na kochi la kitambaa badala ya benchi la chuma, pazia la rangi ya maziwa, zulia, kabati la dawa lenye kufuli, na bafu lenye maji ya moto. Kilijengwa kwa ajili ya watoto na vijana waliobakwa. Kabla yake, watoto hao walipanga foleni dirisha namba tatu pamoja na wanaokata kadi, wakayasema yaliyowapata kupitia tundu la kioo, na foleni nzima nyuma yao ikatega masikio. Nesi aliandika barua miaka sita akikiomba chumba kile. Siku ya utepe alilia, na picha yake akilia ikatundikwa mapokezi.

"Leo," Mkurugenzi alisema siku hiyo, "tumesogeza huduma karibu na vijana wetu." Watu wakapiga makofi.

Aliyegundua ni fundi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anahesabu taa. Kila Mkurugenzi aliposema maneno yale, korido iliongezeka. Aliyasema kwenye kikao cha wakuu wa idara, zikaongezeka hatua mia. Aliyasema redioni mara nne ndani ya kipindi kimoja, chumba kikawa mwendo wa saa nzima. Ilipotoka taarifa ya mwaka, maneno yale yakiwa juu ya jalada kwa herufi kubwa, kufika Chumba cha Kumi na Nne ikawa safari ya siku na nusu.

Hospitali ikajipanga. Mfagiaji aliomba mifagio mingine sita. Alianza kufagia mwanzoni mwa korido mwezi wa kwanza, na mpaka mwezi wa saba alikuwa hajaufikia mwisho, ilhali alikoanzia kumeshajaa vumbi upya. Mtunza stoo alimpa nesi blanketi, akamtaka asaini. Nesi akawa anaingia Jumapili na kukaa huko wiki mbili. Mumewe alisema ni afadhali angeoa baharia, kwani baharia angalau hurudi na zawadi.

Kutoka hakukuwa na taabu. Korido ilirefuka kwa wanaokwenda tu. Anayegeuka alijikuta mapokezi kabla hajamaliza kufunga vifungo vya koti. Wasichana wengi waligeuka njiani, na waliogeuka waliandikwa kwenye rejista kuwa wamehudumiwa na kuruhusiwa.

Nesi aliandika barua tena. Alimpelekea Matroni mkononi, kwa sababu Matroni hakuwa mkuu wake tu. Walisoma chuo kimoja cha uuguzi, wakalala kitanda cha juu na cha chini, wakavaliana sare hadi wenzao wakawabatiza mapacha. Mpaka leo waliitana hivyo.

"Pacha," Matroni alisema baada ya kuisoma, "huwezi kuandika kwamba korido ni siku na nusu. Andika kuna changamoto ndogo ya miundombinu."

"Lakini ni siku na nusu."

"Najua. Mimi nina macho. Nakwambia namna ya kuiandika."

Nesi akaiandika hivyo. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu: barua yako imepokelewa na inafanyiwa kazi.

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, nesi alikuwa ametoka kuwasilisha ripoti ya mwezi. Hapo mapokezi alimkuta mwanamke mmoja mnene wa makamo, kamshika mkono msichana wa miaka kumi na mitano kama anayemvusha barabara. Mwanamke alikuwa shangazi wa yule msichana. Msichana alikuwa na sare ya shule bila sweta, ijapokuwa asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Nyumbani tunamwita Bi Maswali," shangazi alisema. "Huyu mtoto alikuwa anauliza mpaka kwa nini kuku hana meno. Tangu juzi hajauliza kitu. Jana jioni ndipo akaniambia."

"Ni lini?" nesi aliuliza, na alimuuliza msichana mwenyewe, kwa sauti ya chini, akiwa ameinama usawa wake.

"Jumapili. Saa tisa alasiri."

Nesi akapiga hesabu. Dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi inatakiwa kuanzwa kabla ya saa sabini na mbili kupita, na kila saa inayotangulia ina faida yake. Zilikuwa zimeshapita arobaini na mbili. Zilibaki thelathini. Korido ilikuwa thelathini na nne, kwa mtu anayepumzika kidogo.

Dawa zote za kazi hiyo zilikuwa ndani ya kabati la Chumba cha Kumi na Nne, na zilikatazwa kutoka humo, ili huduma zote zipatikane mahali pamoja. Asubuhi ileile nesi alikuwa amelifunga kabati kwa mkono wake na kutoka mikono mitupu, kama utaratibu unavyotaka. Duka kuu la dawa la hospitali lilikuwa na akiba kidogo ya watumishi, kwa ajili ya anayejichoma sindano kazini. Hiyo haikutoka bila saini ya Mkurugenzi.

"Hakuna hospitali nyingine?" shangazi aliuliza.

"Zipo. Watakuandikia rufaa uje hapa."

Nesi akampeleka shangazi na Bi Maswali kwenye kiti, akaenda mbio kwa Matroni. Matroni alimsikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaipangusa, na macho yake yalikuwa na maji kweli. Nesi angeweza kuapa kwa hilo hata baadaye.

"Anzeni kutembea," Matroni alisema. "Mkikaa hapa kungoja, saa zinakwenda. Mimi nakwenda kwa Mkurugenzi sasa hivi kuchukua saini. Mtu wa duka la dawa atawafuata na baiskeli. Kabla ya jioni atakuwa amewakuta."

"Pacha, nisikae mimi hapa nikaidai mwenyewe?"

"Ukibaki wewe, nani atakuwa na mtoto? Nenda. Mimi nipo."

Nesi akaenda.

Walitembea watatu, Bi Maswali katikati. Taa za fundi ziliwaka kila baada ya hatua kumi. Kulikuwa na madirisha upande wa kushoto, na kwenye kila dirisha ua lilelile la hospitali lilionekana, na mti uleule wenye kamba ya kuanikia mashuka. Walipita mabenchi, na kwenye mabenchi walikuwamo wasichana, wengine na mama zao, wengine peke yao, na mvulana mmoja aliyekuwa amegeukia ukuta. Msichana mmoja aliingia humo akiwa na miaka kumi na mitatu. Sasa mikono ya sweta lake ilimfika viwikoni. Aliwaamkia vizuri, akawaambia benchi la mbele lina mguu mbovu, wasikalie upande wa kulia.

"Hawa wote wanakwenda kule?" Bi Maswali aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza, na shangazi alimgeukia haraka, kisha akajifanya hajasikia ili asilitishe.

"Wote," nesi alisema.

"Na watafika?"

"Wewe utafika. Na dawa yako inakuja nyuma yetu."

Saa kumi jioni alipiga simu karibu na dirisha, ambako mtandao ulishika.

"Mkurugenzi yuko kwenye kikao," Matroni alisema. "Akitoka tu anasaini. Mwenye baiskeli ameshavaa kofia kabisa."

Walilala kidogo kwa zamu, wakaendelea. Jumatano saa mbili asubuhi nesi alipiga tena.

"Ameshaondoka, pacha. Angalieni nyuma."

Wakaangalia nyuma. Shangazi aliangalia nyuma mara nyingi kiasi kwamba shingo ilimkaza, akawa anatembea kaigeuza kama mtu aliyelalia vibaya. Kila ndoo ya mfagiaji iliyolia kwa mbali walisimama, wakisema ni kengele ya baiskeli. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo la shangazi lilikuwa na vidonda tangu ujana. Alitafuna vidonge vyake vya chokaa viwili viwili.

Katika mwendo ule Bi Maswali alisema. Ni rahisi kusema ukiwa unatembea, kwa kuwa hakuna anayekutazama usoni. Ni mwalimu wa tuisheni, aliyekuja nyumbani kila Jumapili kumfundisha hesabu. Mama alikuwa akimsifu kwa majirani, akisema mwalimu huyu ni zawadi. Jumapili ile mwalimu alilifunga daftari kabla somo halijaisha. Mambo mengine Bi Maswali aliyasema kwa maneno machache sana, na nesi hakumuuliza zaidi. Hii ndiyo ahadi aliyoipigania miaka sita: hapa unasema mara moja, unasema unachotaka, na unaaminiwa.

"Alisema nikimwambia mama, mama atanyamaza," Bi Maswali alisema.

"Waongo wote husema hivyo," shangazi alidakia.

"Nilimwambia mama Jumapili ileile. Akaniambia nikaoge."

Shangazi akasimama. Alishika ukuta kwa kiganja, akakaa hivyo mpaka wenzake wakapita taa mbili, akawafuata.

Saa tisa alasiri, saa ya mkononi mwa nesi ililia mlio mdogo aliokuwa ameutegesha. Akauzima. Mlango wa Chumba cha Kumi na Nne ulikuwa bado mwendo wa saa nne. Nyuma yao korido ilikuwa nyeupe, nyoofu, na tupu mpaka macho yanapokomea.

Nesi aliketi benchini, akamketisha Bi Maswali kando yake, akamwambia ukweli wote. Kwamba muda wa dawa ile umepita. Kwamba dawa ya kuzuia mimba bado ina nafasi, na watapima damu leo, na tena baada ya wiki kadhaa, na inawezekana kabisa asiwe na kitu. Kwamba anasikitika.

Bi Maswali alitazama mbele.

"Ulijua kwamba hatakuja?"

"Sikujua, mwanangu. Nilimwamini rafiki yangu."

"Na mimi nilikuamini wewe."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama anayerudisha kitu alichoazimwa. Kisha akainuka, wakaendelea kutembea, kwa kuwa walikuwa karibu kufika.

Walifika saa moja jioni. Chumba kilikuwa safi, pazia limefunguliwa, zulia limekung'utwa. Nesi alifungua kabati. Pakiti za dawa zilikuwa zimepangwa mstari, zote zikiwa na miaka miwili mbele kabla ya kuharibika. Alitoa kilichokuwa na maana bado, akachukua damu, akajaza fomu ya polisi kwa mwandiko wa kusomeka, akafungulia maji ya moto. Bi Maswali alilala kwenye kochi, na shangazi akalala sakafuni, mkono umeshika mguu wa kochi.

Asubuhi, nesi alifungua rejista kwenye kompyuta ili amwandike. Alikuta ameshaandikwa. Msichana, miaka kumi na mitano. Umbali kutoka mapokezi: hatua ishirini. Amepokelewa ndani ya saa sabini na mbili. Dawa: amepewa. Taarifa iliingizwa Jumanne, saa nne na dakika tano asubuhi, wakati wao walikuwa hawajalifikia hata dirisha la tano. Chini kulikuwa na saini ya nesi mwenyewe, imepigwa picha kutoka rejista ya karatasi, ile herufi ya mwisho ikiwa na mkia unaorudi nyuma. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu mwingine aliyeweza kuuchora mkia ule. Mwaka wa pili chuoni, nesi alipolazwa na homa ya matumbo, mtu huyo alimsainia mahudhurio wiki tano, na mwalimu hakugundua. Walicheka habari hiyo hata siku ya harusi ya nesi.

Hapakuwa na baiskeli, basi. Nesi alilielewa hilo akiwa amekaa sawasawa kwenye kiti, mikono juu ya meza. Pengine hospitali ile haikuwahi kuwa na baiskeli. Alijaribu kukumbuka kama amewahi kuiona hata moja, akashindwa.

Alichapisha ukurasa ule, akaukunja, akautia mfukoni. Kisha akawaamsha, wakatoka. Kurudi, kama kawaida, kulichukua dakika chache.

Mapokezi, chini ya picha ya nesi akilia, kulikuwa na viti vitatu vya plastiki. Cha kwanza alikaa Matroni na rejista ya karatasi magotini. Cha pili alikaa mama wa Bi Maswali, kavaa vizuri, macho yamevimba. Cha tatu alikaa mwanamume kijana mwenye shati lililopigwa pasi, na kwenye mkono wake kulikuwa na sweta la shule, limekunjwa kwa uangalifu. Aliinuka kwa adabu walipotokea.

"Poleni na safari," alisema mwalimu wa tuisheni.

"Mwanangu," mama alisema, "twende nyumbani. Mwalimu ameacha vipindi vyake, ametafuta na gari, ili tu akuchukue. Tumezungumza. Yameisha."

"Wifi," shangazi alisema, "huyu? Umekuja na huyu?"

"Usinipandie kichwani mbele za watu, wifi. Mtoto ni wangu."

Nesi alimwendea Matroni, akautoa ukurasa, akauweka juu ya rejista.

"Pacha," Matroni alisema kwa sauti ya chini, "ningeuacha ukurasa tupu, wangeuliza nani alikuwa zamu. Wangeanza na wewe. Nilikuwa nakulinda."

"Ulikwenda kwa Mkurugenzi?"

Matroni akapangusa miwani.

"Ulikwenda hata mlangoni kwake?"

"Alikuwa anajiandaa kupokea wageni. Si siku ya kumpelekea neno kama hilo. Wewe unamjua."

Nesi alikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya watu wasiojuana, si ya waliolala kitanda cha juu na cha chini. Akaurudisha ukurasa mfukoni. Baadaye aliupeleka polisi, aliupeleka wizarani, na kote ulipokelewa na kufanyiwa kazi.

Mwalimu alipiga hatua moja, akalinyoosha sweta mbele, mabega mawili yamekaa tayari kuvaliwa.

"Vaa, utapata baridi," alisema.

Bi Maswali alilitazama sweta. Akamtazama mama yake, na alimtazama muda mrefu, kama anayempa nafasi. Mama alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba. Basi msichana akageuka, akashika tena korido, akaanza kutembea kule alikotoka. Shangazi alivua viatu vyake vilivyombana, akavishika mkononi, akamfuata.

"Atarudi," mama alimwambia mwalimu. "Ana hasira tu."

Matroni alikuwa ameshafungua rejista. Alikuwa na mazoea ya kusoma kwa sauti anachoandika, tangu chuoni. "Mteja amerudi kwa huduma ya pili," alisoma, "kwa hiari yake mwenyewe." Mbele huko korido ikaongezeka, taa moja ambayo haikuwepo ikawa ipo.

Nesi alichukua blanketi na birika kutoka kaunta, akawahi, akawakuta dirisha la pili.

"Unakwenda wapi, mwanangu? Kule hatuna tena dawa ya kukupa. Nilikwambia."

"Najua."

"Na leo ni mbali kuliko jana."

"Najua," Bi Maswali alisema, bila kupunguza mwendo. "Lakini ule mlango unafungwa kwa ndani."

Nesi akalikunjua blanketi, akamtupia mabegani. Wakatembea.